Si kila mpira ni mpira



Ndugu wasomaji wa kurasa hizi za familia, kazi yangu imenizoesha kuandika mihtasari ya vikao na barua za msikiti. Si mzoefu wa kuandika habari za nyumbani kwangu. Lakini mwaka juzi lilitukuta jambo hapa Igawa, na tangu hapo nimelisimulia kwa watu wengi, mmoja mmoja, kila aliponijia akiwa na karatasi ya hospitali mkononi. Nimeona ni kheri niliandike mara moja. Pengine litamfaa msomaji ambaye kesho atatumwa dukani kununua kitu asichokifahamu, kwa ajili ya mtu ampendaye.

Mama yangu mzazi amevuka miaka sitini. Tangu ujana wake amelima mpunga katika bonde hili la Usangu, na si mtu wa kulalamika. Kwa miezi kadhaa alikuwa akishika ubavu wa kulia kila alapo chakula chenye mafuta, akisema ni chango, akinywa maji ya tangawizi, kisha akirudi shambani. Tulishituka siku macho yake yalipogeuka manjano. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka kama udongo wa kichuguu, na ngozi ikawa inamwasha usiku kucha. Hapo ndipo tulipopanda basi kwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia, tukaenda hospitali moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa sina nia ya kuisifu wala kuilaumu.

Kipimo cha tumbo kilionyesha mawe katika kifuko cha nyongo. Moja lilikuwa limeteremka likaziba mrija mkuu wa nyongo. Daktari bingwa alitueleza kwa upole kwamba ini la mwanadamu hutengeneza nyongo kiasi cha nusu lita hadi lita moja kila siku, nayo hushuka kwa mrija mmoja hadi kwenye utumbo ili kusaidia kusaga mafuta. Mrija huo ukizibwa, nyongo hurudi nyuma na kuingia katika damu, na umanjano ule tuliouona machoni ndio alama yake. Akasema kuwa penye vifaa, siku hizi jiwe la namna ile hutolewa kwa kamera inayopitishwa mdomoni bila kupasua tumbo. Pale hapakuwa na kifaa hicho, na Mama hakuwa na hali ya kusafirishwa mbali. Atafanyiwa upasuaji wa wazi: kifuko kitaondolewa, mrija utafunguliwa, jiwe litatolewa, kisha mrija utashonwa huku umeachiwa mpira mwembamba wenye umbo la herufi T.

Mpira huo una historia yake. Aliyeueneza ni daktari wa upasuaji wa Kijerumani, Hans Kehr, aliyefariki mwaka 1916, na hadi leo wapo wanaouita kwa jina lake. Mikono miwili mifupi ya ile T hulala ndani ya mrija wa nyongo, na mguu mrefu hutoka nje kupitia ukuta wa tumbo hadi kwenye mfuko. Sababu yake ni kwamba mrija uliokatwa na kushonwa huvimba kwa siku kadhaa. Nyongo isipopewa njia ya kutokea itasukuma mshono, ivuje ndani ya tumbo, na nyongo ndani ya tumbo ni hatari kubwa.

Muuguzi akanipa karatasi ya vifaa vya kununua. Palikuwa na nyuzi, glovu, dripu, mifuko, na mstari mmoja ulioandikwa: T-tube, namba 16. Nilikuwa na fedha mkononi, nyingine za ndugu na nyingine za mfuko wa matibabu wa msikiti wetu, ambao mimi mwenyewe ndiye ninayeandika hesabu zake. Katika duka la vifaa vya hospitali, muuzaji aliniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Ustadhi, unataka ya mpira au ya silikoni?"

Akaweka zote mbili juu ya meza. Moja ilikuwa ya rangi ya kahawia iliyofifia, yenye kunata kidogo kwenye vidole, inanuka kama mipira ya baiskeli. Ya pili ilikuwa nyeupe yenye kupitisha nuru, laini, haina harufu, imefungwa vizuri. Bei yake ilikuwa takriban mara tatu ya ile ya kwanza. Nikauliza ipi bora. Muuzaji akajibu, wala hakusema uongo kwa kadiri ya ujuzi wake, kwamba silikoni haiwashi mwili, haileti mzio, na wanaojiweza huchukua hiyo. Mimi nikajiambia: huyu ni mama yangu aliyeniuzia mpunga wake ili nisome, nitamtilia tumboni kitu rahisi ilhali bora kipo? Nikalipa, nikachukua risiti, nikatoka dukani nikiwa nimeridhika nafsi.

Upasuaji ulikwenda salama, alhamdulillah. Siku ya pili daktari alipopita wodini aliinua shuka, akautazama mpira, kisha akanigeukia.

"Hii umeinunua wewe?"

"Ndiyo, Daktari. Nilichukua iliyo bora."

Alinyamaza kidogo. "Ni bora kwa kazi nyingine," akasema. "Kwa kazi hii ningependa ile ya mpira wa kawaida. Mgonjwa alikuwa ameshalala mezani, nikatumia iliyoletwa. Ilinipasa niandike aina, na wewe ungeniuliza. Sasa tutakachofanya ni kuuacha ukae muda mrefu zaidi."

Nilimfuata hadi mlangoni nikamwomba anifahamishe. Namshukuru kwamba alisimama, maana aliyonieleza pale ndiyo kiini cha makala hii.

Alianza kwa kuniuliza: mpira ule utakapovutwa, tundu litabaki kwenye mrija wa nyongo na jingine kwenye ngozi, je, kati ya matundu hayo mawili pana nini? Nikasema, tumbo. Akasema, ndiyo, na endapo pana tumbo tupu, nyongo itamwagika humo. Kinachozuia hilo ni kazi ambayo mwili huifanya kimya kimya siku zote mpira unapokuwa ndani. Mwili ukikuta kitu kigeni hutuma kwanza chembe nyeupe za damu. Zikishindwa kukiondoa, huja chembe nyingine zinazofuma nyuzi za kovu kukizunguka, tabaka juu ya tabaka, hadi kitu kile kikawa kimefungwa ndani ya ala yake, kama kisu ndani ya ala. Ala hiyo ikikomaa, mpira ukivutwa hubaki njia iliyozungushiwa ukuta tangu kwenye mrija wa nyongo hadi kwenye ngozi. Matone ya nyongo yatakayobaki yatatokea nje kwa njia hiyo siku moja au mbili, kisha njia itajifunga yenyewe.

Hapa ndipo tofauti ya vifaa inapoingia. Mpira wa asili, utokanao na utomvu wa mti, unauudhi mwili. Mwili huuchukia, na kwa kuuchukia huujengea ukuta mnene upesi. Aghalabu wiki mbili hadi tatu hutosha kwa mtu mwenye afya. Silikoni haimuudhi mtu. Mwili unaizunguka kana kwamba haipo, na ukuta unaojengwa huwa mwembamba na wa kuchelewa. Sifa ileile niliyoilipia mara tatu, ya kutouwasha mwili, ndiyo iliyokuwa kasoro mahali hapa. Aliniambia kwamba tangu miaka ya 1970 watafiti walilinganisha vifaa hivi kwa majaribio ya wanyama, na mpira wa asili ndio ulioonekana kuamsha kovu kuliko silikoni na plastiki ya PVC. Na ile PVC ina ila yake: hulainishwa kwa mafuta maalumu kiwandani, nayo ikikaa katika nyongo mafuta yale hutoka, ikakakamaa kama mrija wa maji ulioachwa juani.

"Kwa hiyo silikoni ni mbaya?" nikauliza.

"Hapana. Ukimwekea mzee mpira wa mkojo wa kukaa wiki nyingi, pale nataka kitu kisichouudhi mwili. Pale nitakwambia nunua silikoni. Na mtu mwenye mzio wa mpira wa asili siwezi kumwekea mpira wa asili. Kila kitu kina mahali pake. Mama yako ni mtu mzima, tena amekonda kwa ugonjwa, na mwili uliokonda hujenga polepole. Wiki sita. Asiutoe mtu yeyote kabla ya wiki sita."

Sisi watu wa Usangu tunalima mpunga kwa mifereji na majaruba, na mimi nililielewa jambo lile kwa njia hiyo. Mfereji mpya hauaminiki siku ya kwanza. Ukifungulia maji kabla kingo hazijashindiliwa, maji hula udongo na kuingia katika jaruba la jirani. Kingo hukazwa kwa miguu, kwa majembe na kwa siku. Mpira wa asili ni kama mvua inayomlazimisha mkulima kuamka alfajiri kushindilia kingo. Silikoni ni kiangazi chenye utulivu, mkulima akabaki amelala.

Nikagundua pia kwamba lugha yetu ilikuwa imenichanganya. Sisi huita kila kitu cha namna hii "mpira": mpira wa mkojo, mpira wa kulishia, mpira wa nyongo. Husema "amewekewa mpira," basi, tukadhani tumeshasema yote. Hatuulizi mpira huo ni wa nini hasa, kwa kuwa neno lenyewe linatujibu kabla hatujauliza. Kumbe si kila mpira ni mpira.

Tulirudi nyumbani mwanzoni mwa Shaaban. Nilifungua daftari, kama ilivyo desturi ya makatibu, nikapiga mistari: tarehe, kiasi cha nyongo, rangi yake, joto la mwili, chakula. Siku za mwanzo mfuko ulikuwa ukipokea kama mililita 400 kwa siku. Kadiri uvimbe wa ndani ulivyopungua na nyongo ikarudi katika njia yake ya asili, kiasi kilishuka hadi 300, kisha 200, na rangi ya choo cha Mama ikarejea. Mke wangu alijifunza kusafisha kidonda kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kubadilisha shashi, na kuhakikisha mfuko daima uko chini ya usawa wa kidonda ili nyongo isirudi nyuma. Mpira wenyewe ulishonwa kwenye ngozi, nasi tukaongeza plasta juu yake, maana hatari kubwa ya siku za mwanzo ni mpira kuvutika kwa bahati mbaya, mtu anapogeuka usingizini au mjukuu anapomrukia bibi yake. Kwa kuwa nyongo itokayo nje huondoka na maji na chumvi za mwili, tuliambiwa Mama anywe sana, pamoja na maji ya chumvi na sukari.

Jambo la pili lililomsumbua Mama lilikuwa swala. Alidhani kwamba maadamu nyongo inatoka, hana udhu, na maadamu mfuko uko ubavuni, hana tohara. Siku mbili alikuwa akilia peke yake. Nilimwita imamu wetu, naye akamtuliza. Alimweleza kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi, kinachotoka mahali pasipokuwa njia mbili za kawaida hakitengui udhu. Na wapo wanavyuoni wa madhehebu nyingine wasemao kinatengua. Kwa hiyo, kwa kujitoa katika khitilafu, atie udhu kila kipindi kinapoingia. Asafishe kilichotapakaa, afunge vizuri, apanguse kwa maji juu ya bendeji pasipofaa kuloweshwa, kisha aswali, na mfuko ule ni udhuru kwake. Mama alimuuliza mara tatu kama ana hakika, kisha akaomba mswala wake.

Ama mtihani wenyewe ulikuja wiki ya tatu, Ramadhani ilipokuwa imebakiza siku chache. Mjomba, kaka yake Mama, alikuja kumjulia hali kutoka Makambako. Baada ya salamu na kamwene nyingi, alikaa, akautazama mpira, akaniuliza utatolewa lini. Nilipomwambia wiki sita, alitikisa kichwa.

"Mjomba, mimi namjua mtu aliyewekewa huo huo. Siku kumi na nne tu, wakautoa, na leo analima. Hapa zahanati wapo vijana wanaoweza kukata uzi mmoja. Kwa nini dada yangu akae na mfuko Ramadhani nzima?"

Mama aliinua uso. Nikajua kwamba walikuwa wameshazungumza kabla sijaingia.

"Mwanangu," akasema, "tangu nivunje ungo sijapitwa na Ramadhani ila kwa siku zangu na kwa uzazi. Utolewe, nifunge."

Nikamweleza kwamba daktari amekataza kufunga maadamu nyongo inamwagika nje, na kwamba mgonjwa amepewa ruhusa na dini yenyewe, atalipa akipona. Nilimweleza kama nilivyofundishwa chuoni, kwa ushahidi na mpangilio. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kulipa ni kwa mwenye uhakika wa kuishi," akasema.

Sikuwa na jibu la chuoni kwa neno hilo. Mjomba alinitazama, na katika macho yake niliona anachofikiri: kijana amesoma hadi anamkatalia mama yake ibada. Nami kwa muda nilitamani kukubali. Yule mtu wa siku kumi na nne alikuwa kweli. Uzi ulikuwa mmoja. Zahanati ilikuwa karibu. Na nani anayetaka kuwa mtoto aliyemzuia mzazi kufunga, halafu ikawa ndiyo Ramadhani yake ya mwisho?

Kilichonizuia ni kwamba nilijua jambo ambalo wao hawakulijua, na sikuwa nimewaambia. Kwa wiki tatu nilikuwa nimelificha kwa aibu. Nikaona kwamba siwezi kumkatalia Mama kwa haki bila kumwambia ukweli wote.

"Mjomba," nikasema, "yule mtu bila shaka mpira wake ulikuwa wa mpira. Huu wa Mama si wa mpira. Ni silikoni, na silikoni haijengi ukuta upesi. Ukivutwa leo, nyongo inaweza kumwagika tumboni, na tukashindwa kuwahi hospitali." Kisha nikamgeukia Mama. "Na aliyeuchagua ni mimi. Palikuwa na wa bei nafuu ambao ungekomaa mapema, pengine ungekuwa unautoa wiki hii. Mimi nikachukua wa ghali, sikumuuliza daktari. Unisamehe, Mama. Ramadhani hii nimekukosesha mimi."

Palikuwa kimya. Mjomba alitazama chini. Mama aliushika mpira ule kwa vidole viwili, akautazama kama anavyotazama mbegu kabla ya kuipanda.

"Ulikuwa ghali sana?"

"Ghali, Mama."

"Basi usitolewe mapema," akasema. "Ukae, tuutumie mpaka hela yetu irudi."

Mjomba akacheka kwanza, kisha sote. Lakini nilimwona Mama akifuta macho kwa upindo wa kanga, na sikujidanganya kwamba kicheko kile kilimaliza huzuni yake. Ramadhani ilipoingia alikuwa akiamka nasi daku, akikaa nasi bila kula, kisha akinywa dawa zake baada ya jua kuchomoza, peke yake, uso ameugeuzia ukutani ili wajukuu waliofunga wasimwone.

Wiki ya sita tulirudi hospitali. Kwanza walipitisha dawa maalumu kupitia mpira ule na kupiga picha za eksirei. Daktari akanionyesha mrija wa nyongo ulivyojaa weupe hadi kwenye utumbo, hakuna jiwe lililobaki, hakuna mvujo. Kisha waliufunga mpira kwa saa kadhaa kuona kama atapata maumivu, homa au umanjano. Hakupata. Kesho yake asubuhi daktari alikata uzi na kuuvuta mpira polepole. Mama alisema "Bismillah," ukatoka. Nilihesabu kimya kimya kana kwamba nasubiri bunduki ilie. Nyongo kidogo ililowesha shashi siku ile na siku iliyofuata. Siku ya tatu shashi ilikuwa kavu. Ukuta ulikuwa umejengwa, polepole kama alivyosema, lakini ulijengwa.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza na kusoma zaidi kuhusu jambo hili, na nimefahamu kwamba kanuni ile haihusu mpira wa T pekee. Kuna wagonjwa ambao mrija wao wa nyongo umezibwa na uvimbe usioweza kuondolewa, nao huwekewa mpira unaopita kwenye ngozi na ini hadi ndani ya njia za nyongo. Kazi hiyo hufanywa na wataalamu wa tiba radiolojia kwa kuongozwa na picha. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mafunzo ya fani hii mwezi Oktoba 2018 kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, na mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanzisha shahada ya uzamili. Mipira hiyo aghalabu hutengenezwa kwa poliyurethani, plastiki yenye nguvu inayolainika kwa joto la mwili. Nayo pia huhitaji wiki kadhaa kabla njia yake haijakomaa, na kwa kuwa nyongo huacha tope ndani yake, hubadilishwa kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mwenye mgonjwa wa namna hiyo aijue tarehe ya kubadilisha kama anavyoijua tarehe ya kulipa ada ya shule.

Nina maneno machache kwa ndugu zangu wenye wagonjwa. Ukipewa karatasi ya vifaa, uliza kila kitu kimetengenezwa kwa nini, kitakaa muda gani, na nani atakayekitoa. Usimlinganishe mgonjwa wako na wa jirani mpaka ujue kwamba walichowekewa ni kitu kimoja. Mpira ukichomoka wenyewe, nyongo ikikoma ghafla kuingia mfukoni, au mgonjwa akipata homa na kutetemeka, maumivu makali ya tumbo, au manjano kurudi machoni, usisubiri asubuhi, mpeleke hospitali.

Ama kuhusu fedha za msikiti, katika kikao cha kamati baada ya Idi nilisoma hesabu, na nilipofika kwenye mstari wa mpira nikaeleza kwamba nilitumia mara tatu ya kilichohitajika, kwa kutouliza, nami niko tayari kurudisha ziada. Wazee walijadiliana. Mwenyekiti akasema kwamba haitarudishwa, kwa kuwa sikukusudia ubaya, lakini kosa hilo lisipotee bure. Ikaamuliwa kwamba barua ya kuomba msaada wa matibabu iongezwe mstari mmoja, ambao mganga ajaze kabla hatujatoa fedha: aina ya kifaa na sababu yake. Mstari huo upo hadi leo, na nimeuandika kwa mkono wangu katika muhtasari wa kikao kile.

Mama alianza kulipa siku zake katika Shawwal, Jumatatu na Alhamisi, bila kumwambia mtu. Niligundua tu nilipomkuta jioni moja ukingoni mwa mfereji, jembe begani, akiwa ameshika kokwa tatu za tende ndani ya kanga, anasubiri adhana. Aliniambia kwamba zimebaki siku nne.

Zimekwisha zote. Tunamwomba Allah azikubali, na awaponye wagonjwa wetu wote. Wabillahi tawfiq.